Mizani Mbele ya Mtoto Anayekua



Njaa ni neno ambalo katika mji wetu wa Bukavu halihitaji kuelezwa. Kila alfajiri tunawaona akina mama wakiteremka kuelekea sokoni na mizigo kichwani, ili jioni upatikane unga wa bugali, sombe na sambaza kidogo kwa ajili ya watoto. Mtoto akilala bila kula, wazazi nao hawalali. Kwa sababu hiyo, habari tuliyoisikia katika mkutano wa wazazi ilitugusa sana: kwamba wapo watoto, wenye afya na wenye bidii, wanaokataa chakula kilichopatikana kwa jasho hilo, na kukataa hata maji, kwa siku mbili au tatu mfululizo. Mama mmoja alisema kwamba binti yake huinuka penye chakula kabla ya wenzake na kudai ameshiba. Baba mwingine alieleza kwamba mwanawe hutema mate ndani ya chupa usiku kucha ili apungue. Watoto hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanajiandaa kupanda juu ya mizani kabla ya mashindano ya judo.

Tunaandika haya tukiwa wazazi na walezi wa vijana wanaocheza judo na ndondi katika mitaa yetu. Tunaipenda michezo hiyo, wala hatutaki maneno yetu yasomwe kama katazo. Imewaondoa vijana wengi barabarani, imewafundisha kuinamiana kwa heshima kabla na baada ya pambano, na kutii neno la mkubwa. Tena mji wetu una sababu ya kujivunia judo. Popole Misenga na Yolande Mabika, watoto wa Bukavu, walishindana katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Misenga alishinda pambano lake la kwanza katika daraja la kilo 90, kabla ya kushindwa na bingwa wa dunia kutoka Korea Kusini. Majina hayo yanawatia watoto wetu moyo, na ni vema. Lakini mtoto anayetamani kufika mbali ni rahisi kuambiwa afanye jambo lolote, naye akalifanya bila kuuliza. Hapo ndipo sisi wakubwa tunapaswa kuangalia.

Ni vizuri kwanza kueleza mizani inafanya nini katika michezo hiyo, kwa maana wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Judo, ndondi na mieleka huwagawa washindani kwa uzito, ili mtu wa kilo 45 asiangushwe na mtu wa kilo 80. Judo ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki, huko Tokyo mwaka 1964, wanaume walikuwa na madaraja matatu tu ya uzito, pamoja na daraja moja lililokuwa wazi kwa wote. Leo madaraja ni mengi zaidi. Kwa wasichana wa miaka 15 hadi 17, daraja la kwanza huishia kilo 40, linalofuata kilo 44, kisha 48, kisha 52, na kuendelea. Kati ya daraja na daraja katika hayo ya kwanza kuna kilo nne tu. Kabla ya mashindano kila mmoja hupimwa, na anayezidi hata kidogo huondolewa.

Nia ya utaratibu huo ni njema: kumlinda mdogo. Lakini wakubwa wakaingiza ujanja ndani yake. Walisema: huyu ana kilo 52, tukimshusha mpaka 48 atakutana na walio wadogo kuliko yeye, naye atawashinda. Ikawa hivyo. Basi mwalimu wa upande wa pili akaona, naye akawashusha wa kwake. Sasa karibu wote wanashuka, na msichana wa kilo 52 aliyejikausha mpaka 48 anamkuta mbele yake msichana mwingine wa kilo 52 aliyejikausha vilevile. Faida aliyoitafuta haipo tena, na wote wawili wanapigana wakiwa wamedhoofika. Aliyebaki na hasara ya kweli ni yule wa kilo 48 za haki, ambaye utaratibu uliwekwa kwa ajili yake.

Tumeyaona mambo hayo kwa macho yetu. Juma moja kabla ya mashindano, vijana hukimbia kupanda vilima vyetu vyenye mteremko mkali, saa sita mchana, wakiwa wamevaa makoti mawili, na chini yake mifuko ya plastiki iliyotobolewa kwa ajili ya mikono na kichwa. Hula yai moja au ndizi moja kwa siku. Siku mbili za mwisho hawanywi maji, bali husukutua tu kinywa na kutema. Wengine hununua vidonge vya kukojoza, ambavyo si vigumu kuvipata, bila kujua kwamba dawa hizo ni hatari kwa moyo na kwamba zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni duniani kote. Baada ya kupimwa, hujitupia mikate na soda kwa haraka, kisha huingia mkekani tumbo likiwauma. Tumemwona kijana akifunga mkanda wa kimono yake kwa mikono inayotetemeka kabla hajaguswa na mtu.

Watu husema: ni kilo tatu tu, atazirudisha kesho. Inafaa tujue kilo hizo ni za nini. Zaidi ya nusu ya mwili wa binadamu ni maji. Kilo zinazoondoka kwa siku mbili si mafuta. Kwa sehemu kubwa ni maji, pamoja na chumvi za mwili na akiba ya sukari iliyotunzwa ndani ya misuli. Mtoto wa kilo 50 akipoteza kilo moja tu ya maji, uwezo wake wa kufanya mazoezi huanza kushuka. Akiendelea kupoteza, damu yake hupungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, figo hupokea damu kidogo, na mkojo huwa mchache na wa rangi nzito. Jasho likikosekana, joto hubaki ndani ya mwili. Chumvi za mwili zikivurugika, moyo unaweza kupoteza mwendo wake wa kawaida. Hakuna mazoezi yanayoweza kuuzoeza mwili kuishi bila maji. Anayesema amezoea, amezoea kuvumilia mateso tu; viungo vyake vya ndani havijazoea.

Kwa mtoto kuna hasara nyingine, isiyoonekana siku ya mashindano. Mtu mzima hula ili aishi na afanye kazi; mtoto hula kwa ajili hiyo, tena hula ili akue. Kati ya miaka 11 na 18 mwili huongeza urefu, misuli, damu na mifupa, na sehemu kubwa kabisa ya uimara wa mifupa ambao mtu atautumia maisha yake yote hujengwa kabla hajafika miaka 20. Mwili usipopata chakula cha kutosha huanza kuchagua: hulinda moyo na ubongo, na kuacha mengine. Kwa wasichana, hedhi huchelewa au husimama. Mifupa hupungua uimara. Vidonda huchelewa kupona, usingizi huwa haba, hasira huja upesi, masomo hayaingii kichwani. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa maelezo ya wataalamu juu ya hali hii ya mwanamichezo anayekula kidogo kuliko anachotumia, ikasema wazi kwamba inawapata wavulana na wanaume pia.

Binti mmoja tunayemfahamu, mwenye miaka 15, alibakizwa katika daraja la kilo 48 mwaka mzima, ingawa alikuwa amerefuka kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Hedhi yake ilisimama miezi mitano. Hakumwambia mtu, kwa sababu wenzake walimhakikishia kwamba hiyo ni dalili ya mwanamichezo hodari. Siku moja mazoezini alianguka kidogo tu, kama watoto wanavyoanguka kila siku, na mfupa wa mkono ukavunjika. Ni muuguzi wa kituo cha afya aliyemwuliza mama yake, mbele ya binti: «Mama, mtoto huyu anakula nini?» Mama alijibu kwa kilio, kwa sababu alikuwa anapika kila siku. Baada ya mkono kupona, binti alirudi mkekani katika daraja la kilo 52. Hedhi imerudi. Mapambano matatu ya kwanza aliyapoteza, na wako waliosema kwamba wamempoteza bingwa. Sisi tunasema kwamba anakula, analala, anarefuka, na bado anacheza judo.

Mtu asidhani kwamba hatari hii ni ya maskini wasio na madaktari. Mwaka 1997 huko Marekani, katika muda usiozidi majuma matano, vijana watatu wa mieleka wa vyuo vikuu vitatu tofauti walikufa wakijaribu kupunguza uzito. Mmoja alikuwa na miaka 19, mwingine 21, mwingine 22. Walikuwa wakifanya mazoezi katika joto, wamevaa mavazi yasiyopitisha hewa, bila kunywa maji ya kutosha. Baada ya vifo hivyo sheria zilibadilishwa upesi: mavazi hayo, vyumba vya joto na dawa za kukojoza vikakatazwa; kupima uzito kukasogezwa karibu kabisa na pambano, ili asiwepo nafasi ya kujikausha na kujijaza tena; na kila mpiganaji akawekewa, mwanzoni mwa msimu, uzito ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Sheria hizo zingeweza kuandikwa kabla ya mazishi, kwa maana hatari yenyewe ilikuwa inajulikana.

Tena katika Olimpiki ya Paris, mwezi Agosti 2024, dunia nzima ilimtazama Vinesh Phogat, mwanamke wa mieleka kutoka India. Alipimwa na kukubaliwa katika daraja la kilo 50, akashinda mapambano matatu kwa siku moja na kufika fainali. Asubuhi iliyofuata alipaswa kupimwa tena. Usiku kucha hakulala: alifanya mazoezi, alikaa katika chumba cha joto, nywele zake zikakatwa. Mizani ilionyesha gramu 100 zaidi. Aliondolewa, akapelekwa kutibiwa kwa kukaukiwa maji, na siku iliyofuata akatangaza kuacha mieleka. Huyo alikuwa mtu mzima wa miaka 29, mwenye wataalamu pembeni yake. Basi mtoto wa miaka 14, anayejikausha peke yake chumbani bila kumwambia mama, ana mlinzi gani?

Wakati mwingine mizani haihitajiki hata kidogo. Neno la mkubwa linatosha. Christy Henrich alikuwa msichana wa Marekani, hodari katika mchezo wa jimnastiki. Mwaka 1988, katika mashindano ya Budapest, mwamuzi mmoja alimwambia kwamba ni mnene mno na kwamba lazima apungue kama anataka kwenda Olimpiki. Wakati huo hakuwa amefika hata kilo 45. Aliacha kula, na hakuweza tena kurudi katika kula kwa amani. Alifariki tarehe 26 Julai 1994, akiwa na miaka 22. Huenda mwamuzi yule alidhani anatoa shauri. Tunalitaja jambo hili kwa sababu hapa kwetu pia tunasikia maneno kama «wewe umekuwa mzito kama gunia» yakisemwa mbele ya kundi lote, na wote wakicheka, isipokuwa mmoja.

Vijana wengine wanapoulizwa hujibu kwa neno linalotunyamazisha: «Nimefunga.» Neno hilo tunaliheshimu, na ndiyo sababu hatupendi litumiwe kufunika jambo jingine. Anayefunga katika Kwaresima hapimwi na mtu, wala hashindani na jirani. Anachojinyima humwendea mwenye kuhitaji. Tena Kanisa limeweka mpaka wa umri. Kanuni ya 1252 ya Sheria ya Kanisa inawadai mfungo wale tu waliokwisha kufika utu uzima, yaani miaka 18, mpaka mwanzo wa mwaka wao wa sitini. Na hata katika siku za mfungo, hakuna anayekatazwa maji. Ikiwa Kanisa lenyewe halimdai mtoto wa miaka 15 afunge Ijumaa Kuu, kwa haki gani mashindano ya mtaa yamdai siku tatu bila kula wala kunywa?

Lipo pia jambo linaloihusu nchi yetu kwa namna ya pekee. Maelekezo mengi ya kupunguza uzito yanatoka katika nchi ambamo vijana wengi wana akiba mwilini. Katika Kongo yetu, watoto zaidi ya wanne kati ya kumi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake urefu wao uko chini ya ule unaolingana na umri wao, kwa sababu ya kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Watoto hao ndio wanaofika mazoezini miaka kumi baadaye. Mtoto ambaye mwili wake ulikuwa na deni tangu utoto hana cha kupunguza. Ujana ni mojawapo ya nafasi za mwisho alizo nazo za kulipa sehemu ya deni hilo. Tukimnyang'anya chakula katika miaka hiyo, tunamnyang'anya mara mbili.

Tunajua kwamba walimu wa mchezo nao wana mizigo yao. Wengi hufundisha bila mshahara, kwa kupenda vijana tu. Klabu isiyoleta medali haipati msaada, na mwalimu ambaye watoto wake hawashindi huhamwa na wazazi walewale wanaolalamika. Kwa hiyo haifai kumtwika mwalimu lawama yote. Mzazi anayesema «rudi na medali» na asiulize imepatikanaje, naye ameshika ule mkono unaomsukuma mtoto juu ya mizani.

Baada ya kuzungumza na walimu na wauguzi, tumekubaliana juu ya mambo machache, nasi tunawashirikisha ninyi wenye watoto katika klabu nyingine. Kwanza, mtoto ashindane katika daraja la uzito alio nao anapokula na kunywa kama kawaida. Akikua, daraja libadilike, hata kama katika daraja jipya atashindwa kwa muda. Pili, maji yasikatazwe kamwe, kabla ya mazoezi, wakati wa mazoezi, wala baada yake. Tatu, kukimbia kwa plastiki na makoti kukome, na kidonge chochote kisitolewe na mtu asiye mganga. Nne, uzito wa mtoto upimwe mara moja kwa mwezi, faraghani, na mzazi ajulishwe. Mtoto anayekua ambaye uzito wake haupandi miezi mitatu au minne apelekwe kituo cha afya. Tano, wasichana wapate mama mmoja katika kila klabu, wa kuzungumza naye habari za mwili bila aibu.

Tuwe macho nyumbani pia, kwa kuwa mzazi huona yale ambayo mwalimu hawezi kuyaona. Mtoto anayekwepa kula pamoja na wengine, anayeficha chakula, anayesikia baridi wakati wenzake hawasikii, anayezunguzwa anapoinuka, anayekojoa mkojo wa rangi nzito, aliyekosa hedhi miezi mitatu, au anayejipima kila siku, anahitaji kuketi na mtu mzima mwenye upole. Asitukanwe, wala asilazimishwe kwa fimbo kumaliza sahani. Aulizwe anaogopa nini. Mara nyingi atataja jina la mtu anayeogopa kumwangusha, na mara nyingine jina hilo litakuwa letu.

Kushinda ni kuzuri, na tunawaombea vijana wetu washinde. Medali ya mtaa hukaa ukutani miaka michache, lakini mifupa na figo za mtoto zinatakiwa kumfikisha katika uzee. Basi mashindano yajayo yakifika, na mtoto akarudi nyumbani na kimono yake begani, tumwulize kwanza kama alikula asubuhi na kama alilala usiku. Matokeo atatueleza mwenyewe baada ya hapo.